Hina Haikukolea Mikononi mwa Bibi

Siku ile ninaikumbuka kwa harufu yake kwanza, mwanangu. Karafuu zilikuwa zinaungua juu ya makaa, ndimu zilizokamuliwa zimeachwa kwenye sinia, na mafuta ya nazi niliyompaka Bibi yalikuwa bado yanang'aa mikononi mwake. Ilikuwa Alhamisi baada ya adhuhuri, nyumbani kwetu Kibuyuni, na kesho yake binti wa baba yangu mdogo alikuwa anaolewa. Nyumba nzima ilikuwa ikicheka. Mimi nilikuwa nacheka kuliko wote, nami ndiye niliyekuwa namuunguza mtu.

Nakuita mwanangu, usinishangae. Huenda umri wako na wangu unalingana, au umenipita. Huku kwetu hata mtoto wa miaka miwili huitwa "baba" na bibi yake, naye huitikia bila kucheka. Basi niache nijipe uzee wa dakika chache, kwa sababu nina jambo la kukwambia, na nililijua baada ya kumuumiza mtu ninayempenda. Nilimkosea Bibi mara mbili, kwanza kwa mdomo, kisha kwa moto. Mara zote mbili nilidhani ninamsaidia.

Kazi yangu ni hina. Shule niliiachia kidato cha pili, mambo ya nyumbani tu, na mkono wangu ulikwisha kujua kuchora kuliko kuandika. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikifanya kazi Diani chini ya mwanamke mmoja mwenye kibanda karibu na ufuo. Nilichora maharusi, nikachora wageni waliotoka kuogelea na mchanga ukiwa bado vidoleni. Kila nikichora nilikuwa naota. Niliota chumba changu mwenyewe, chenye kioo kutoka sakafuni hadi darini, mito ya kuegemea, na picha kubwa za mikono ukutani. Mtu akiingia aseme, "Mashallah, huyu ndiye." Ukiwa na ndoto kama hiyo, unaanza kuangalia mikono ya watu hata msibani. Mimi nilikuwa hivyo, Mungu anisamehe.

Kosa la mdomo lilitangulia. Ilikuwa Idd, miezi miwili na kitu kabla ya harusi. Nilikuwa nimekuja nyumbani kusalimia, nikamkuta Bibi uani anasuka kamba ya kufungia mwani. Bibi yangu ni mkulima wa mwani. Maji yakitoka sana siku za bamvua, yeye na wenzake huingia baharini mpaka magotini, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba, wanachuma uliokomaa, na wanasengenya kila mtu ambaye hayupo. Ameifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, na vidole vyake ni vigumu kama vijiti vya mkoko.

Alipoinua mikono kunipokea, leso ikateleza. Nikaona mabaka. Yalikuwa matano au sita, kuanzia kwenye kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko, rangi ya zambarau. Mengine yalikuwa yanaanza kugeuka kahawia.

"Bibi, nani kakugonga?"

"Mlango."

"Mlango mmoja hupiga mara tano?"

"Wa nyumba hii ndiyo. Hauna adabu."

Shangazi Riziki, ambaye anaishi na Bibi, alikuwa jikoni. Akapaza sauti kutoka huko: "Usimwamini! Hata mlango haukumgonga. Juzi nimemshika mkono kumvusha shimo, kesho yake vidole vyangu vyote vimo pale vimechorwa. Watu watasema nampiga mamangu."

Nikalitazama lile baka kubwa. Mimi ni mtu wa ngozi, mwanangu. Ngozi ndiyo karatasi yangu. Nikaona ile ya Bibi imekuwa nyembamba sana sehemu ile, mishipa inaonekana, na damu imetandaa chini yake bila ngozi kukatika. Nikajiuliza, imetokaje humo bila mlango? Hilo lilikuwa swali zuri. Kosa langu lilikuwa kulijibu mwenyewe papo hapo.

"Ni hizi dawa zako za presha, Bibi," nikasema. "Zinayeyusha damu mpaka inavuja. Nimesikia Diani."

Nimesikia kwa nani? Kwa mteja mmoja aliyesikia kwa shemeji yake. Lakini nilisema kama mtu aliyesoma vitabu vyote.  Bibi alitazama mkono wake, akauzungusha kidogo, akaufunika kwa leso. Akaniuliza kama nimekula. Mimi nikaona mazungumzo yamekwisha, nikaenda kula.

Hayakuwa yamekwisha. Kuanzia kesho yake Bibi aliacha kumeza vidonge. Alivitia kwenye kopo la kahawa, kopo akaliweka juu ya kabati, wala hakumwambia mtu. Kwa nini asiniamini? Mimi ndiye mjukuu aliyefika Diani, ninayezungumza na wageni, ninayeshika simu kubwa. Akijisikia vizuri asubuhi, alisema moyoni, "Mjukuu wangu alijua." Na alijisikia vizuri siku nyingi, maana presha haina tabia ya kubisha hodi. Haya niliyajua baadaye.

Niliporudi kwa ajili ya harusi ilikuwa kipupwe, upepo unauma, na asubuhi watu walikuwa wanavaa masweta. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumfunua Bibi mkono. Mabaka yalikuwa yamepungua, nikaona moja tu. Sikumuuliza neno lolote. Nilifurahi tu, nikajiona nimekuwa daktari wa kutazama kwa macho tu.

Hapo ndipo ulipoingia mchezo wangu wa kucha. Nilikuwa nimegundua kwa wateja kwamba ukiibonyeza kucha, inakuwa nyeupe, ukiiachia, wekundu unarudi. Jambo dogo, lakini lilinipendeza. Niliona kama ninachungulia dirishani kwenye nyumba ya damu. Nikabonyeza yangu: wekundu ulirudi kabla sijasema moja. Nikamshika Shangazi Riziki, akanung'unika kwamba ana kitunguu mkononi, lakini wekundu wake ulirudi kwenye moja. Nikamshika Bibi.

"Moja... mbili... tatu..."

"Unanibonyeza kama embe sokoni?" Bibi akasema. "Nimeiva au bado?"

"Bibi, damu yako inachelewa!"

"Inatembea kwa heshima. Yako ndiyo inakimbia kama mtu aliyeibiwa."

Tulicheka wote watatu. Nikamshika viganja, vilikuwa baridi. Nikapandisha vidole mpaka kwenye kifundo, baridi vilevile, na juu ya kiwiko kukaanza joto. Nikawaza: kwa nini damu ifike hapa na isifike pale? Njia imezibwa, au imepungua, au ni kipupwe? Natamani ningeshikilia maswali yale na kwenda nayo mahali panapojibiwa. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na jambo jingine lililokuwa linang'aa zaidi. Nilitaka picha.

Nilikuwa nimeota picha ya mikono ya Bibi kwenye ukuta wa chumba changu kitakachokuja. Picha za maharusi kila mtu anazo. Mikono ya mwanamke wa mwani, imekunjamana, na juu yake ua moja la hina lililokolea karibu weusi, hiyo nilikuwa sijaiona kwa mtu. Bibi alitaka ncha za vidole tu, kama wazee wengine.

"Ua la nini? Mimi si mwari."

"Ua moja, Bibi. Nyuma ya mkono wa kulia. Dogo."

"Watasema kikongwe anaolewa."

"Waseme."

Akanipa mkono. Ninakwambia jambo hili ili ujue alinipa kwa mapenzi. Nilichora ua kwa saa nzima, yeye akisinzia na kuamka. Nikaacha likauke, nikalikwangua, nikavunjika moyo. Kwa binti wa baba mdogo hina ileile, bakuli lilelile, ilikuwa imetoka kahawia nzito. Kwa Bibi ilitoka rangi ya chai iliyotiwa maji mara ya pili.

Sisi wachoraji tunajua kwamba hina hukolea zaidi kwenye ngozi yenye joto. Kwa hiyo huku kwetu, bibi harusi akiwa na mikono baridi, tunatia makaa kwenye chetezo, tunayamwagia karafuu, na yeye anaweka mikono juu ya ule moshi. Maharusi mimi huwaambia, ukisikia moto, toa mkono. Wala sihitaji kuwaambia mara mbili. Wanaruka mapema, wanapiga kelele, wenzao wanawacheka, wanarudisha tena.

Bibi hakuruka.

"Moto, Bibi?"

"Raha. Tangu asubuhi ndiyo kwanza mikono yangu inapata dunia."

Nikaongeza kaa moja. Nikamgeuza mkono, upande wa ua ukatazama chini. Mkono ukatetemeka kidogo kwa uzito, kwa hiyo nikamshika kifundo mimi mwenyewe, usitetemeke, picha isije ikaharibika. Elewa hapo, mwanangu. Nilimshika. Nikahesabu kama ninavyowahesabia maharusi, kisha nikazidisha kidogo, kwa kuwa yeye alikuwa baridi zaidi. Ndivyo nilivyopiga hesabu yangu: baridi zaidi, moto zaidi. Hina ikakolea kweli. Nikapiga picha tisa.

Asubuhi ya harusi Bibi alijifunga leso mkononi, akasema ni kwa ajili ya baridi. Hakuna aliyemjali, nyumba ilikuwa imejaa watu, mambo mengi. Tulijua pilau ilipoletwa. Tulikaa wanawake sita kwenye sinia moja, wenzangu wakaosha mikono, na Bibi, ambaye maisha yake yote hajapata kuchukua wali kwa chombo, akaomba kijiko.

Mikono yote ikasimama juu ya sinia.

"Kijiko?" Shangazi Riziki akauliza. "Mama, tangu lini? Umekuwa mtalii?"

"Nataka kijiko. Kuna dhambi?"

Shangazi alimvuta leso kwa utani. Chini yake palikuwa na lengelenge pana kama kifuniko cha soda, katikati kabisa ya ua langu, na mengine mawili madogo pembeni. Ngozi ilikuwa imeinuka na maji yake, na hina juu yake ilikuwa nyeusi, nzuri, imekolea kama nilivyoota.

Bibi alinitazama haraka, akawahi kuwaambia watu: "Nimejimwagia chai." Nami nikakaa kimya. Sinia lilikuwa na watu sita, na mimi nilikuwa na mdomo, na nilikaa kimya.

Wakampaka asali. Mwingine akaleta dawa ya meno, bahati nzuri Shangazi akamfukuza. Bibi akasema litapona, yeye ameunguzwa na mafuta ya samaki mara nyingi kuliko siku za mwezi. Siku mbili baadaye mimi nikarudi Diani kazini. Nilipiga simu kila jioni, naye kila jioni akasema, "Naendelea vizuri." Ilikuja bamvua, naye akaingia baharini na kidonda chake, maana aliamini maji ya chumvi yanakausha kila kitu. Wiki ya tatu Shangazi ndiye aliyenipigia.

"Njoo umwone bibi yako," akasema. "Hakifungi. Kimekuwa na kingo ngumu, na kinanuka. Nikimwambia twende zahanati ananiambia anangoja bamvua liishe."

Nilifika asubuhi iliyofuata. Bibi alitaka kunibishia, nikamvalisha viatu mwenyewe. Tulipofika zahanati tulimkuta muuguzi kijana mmoja wa bara, mpole, mwenye haraka ya mtu aliye peke yake na foleni ndefu.

"Karibu, shosho. Kaa hapa."

"Shosho ndiyo nini?"

"Ni bibi, kwa lugha yetu."

"Basi sema bibi. Nimeungua mkono, si masikio."

Akacheka, akasema bibi. Alikisafisha kidonda polepole, Bibi akiangalia ukutani. Akampima sukari kwa tone la damu, akasema sukari ni nzuri, nami nikashusha pumzi. Kisha akamfunga ule mpira wa presha mkononi, akapuliza, akasoma. Akangoja kidogo, akapima tena mkono wa pili. Uso wake ulibadilika. Namba ya juu ilikuwa imepita mia mbili.

"Bibi, una dawa za presha?"

"Ninazo."

"Unakunywa?"

"Niliacha."

"Nani alikwambia uache?"

 Bibi alitazama kidonda chake kilichofungwa kitambaa cheupe, akasema kwa sauti ya chini, "Nilijiamulia."

Ile ilikuwa mara ya pili. Kwanza chai, sasa hili. Mwanamke mwenye damu inayogonga kama mlango unaotaka kuvunjika alikuwa amekaa pale ananifichia mimi.  Nikasema, "Ni mimi. Nilimwambia dawa ndizo zinamtia mabaka. Na kidonda ni mimi. Nilimshika mkono juu ya makaa."

Sikujua kwamba ninalia mpaka Bibi aliponipa ncha ya leso yake.

Muuguzi hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Aliniambia tu kwamba tungekaa wiki moja au mbili zaidi, usaha ungeweza kushuka chini mpaka kwenye mishipa ya vidole, na mkono ule usingefunga tena mwani. Na kwamba presha ile, hata kama Bibi hasikii kitu, ingeweza kumwangusha kwa kiharusi siku yoyote, hata akiwa amekaa. Aliandika barua twende hospitali kubwa Msambweni siku ileile. Wakati anaandika, nikamuuliza. Sikuweza kujizuia. Hata nikilia ninauliza.

"Lakini mabaka yanatoka wapi? Na kwa nini mikono ni baridi? Na kwa nini hakusikia moto?"

Aliweka kalamu chini. Nadhani alifurahi kuulizwa.

Alisema ngozi ya mtu ina mishipa midogo sana, mingine myembamba kuliko unywele, na ndiyo inayoleta joto, chakula na dawa ya mwili mpaka juu. Mtu akizeeka, ngozi inakuwa nyembamba, na nyama laini iliyokuwa inaishikilia ile mishipa inapungua. Mshipa unabaki bila mto. Ukiguswa kidogo tu, unapasuka, damu inatandaa. Ndiyo mabaka, nayo huja na kufifia yenyewe. "Hizi dawa zake hazihusiki," akasema. "Zipo dawa nyingine zinazoweza kuzidisha mabaka, ndiyo maana tunataka mtu atuulize. Aulize, asiache."

Kisha akaja kwenye presha. Akaniuliza kama nimewahi kuona mpira wa kumwagilia maji ulioachwa juani kwa miaka. Nimeuona, kwenye hoteli za Diani ipo. Unakuwa mgumu, haupanuki, ukiukunja unalia. Akasema mishipa midogo ndivyo inavyofanywa na umri, na presha inaongeza yake: damu ikisukuma kwa nguvu siku zote, kuta zinajijenga kuwa nene ili zistahimili, na tundu la katikati linazidi kuwa dogo. Ile midogo kabisa mingine inafunga njia, haipitishi tena. Kwa hiyo damu inafika vidoleni kidogo na kwa kuchelewa.

"Wewe ukikaribisha mkono wako kwenye moto," akasema, "mishipa yako inafunguka mara moja, damu inapita nyingi, inalichukua joto na kuondoka nalo. Ya bibi inafunguka polepole na kidogo. Joto linakaa palepale. Na ngozi yenyewe nyembamba, na hisia zimepungua. Unadhani anapata joto, kumbe anaiva. Halafu jeraha likishatokea, damu ileile kidogo ndiyo inayotakiwa kulitibu."

Mimi nilikuwa nimefikiri baridi zaidi inataka moto zaidi. Kumbe baridi ile ilikuwa inaniomba moto mdogo zaidi.

"Na ile kucha inayochelewa?" nikauliza.

"Mambo mengi yanaichelewesha. Umri, baridi ya leo, hata mkono ulivyokaa. Usimpime mtu presha kwa kucha, dada. Wala kwa mabaka. Wapo watu hapa nje wana ngozi nzuri kuliko yangu na presha yao inatisha. Kipimo ndicho kinachosema."

Tukatoka, tukakaa kwenye benchi la nje tukingoja gari la kwenda Msambweni. Bibi akaivuta leso yake vizuri. Nilijua linakuja. Bibi yangu hagombezi mtu mbele ya watu, anangoja benchi liwe na watu wawili tu.

"Wewe mtoto una macho," akasema. "Tangu mdogo. Ulikuwa unamtazama konokono mpaka jua linazama. Hilo silikatazi."

"Ndiyo, Bibi."

"Umenitazama mikono wiki nzima ya harusi. Umenifunua, umenibonyeza, umenihesabu. Hata siku moja hukuniuliza, Bibi, umekunywa dawa leo? Swali dogo kama hilo ningekujibu."

Nikautazama ule mkono uliofungwa kitambaa.

"Na mimi pia," akaongeza, "nilisikia unachoma. Mwishoni. Nikaona unafurahi, nikavumilia. Basi na mimi nina kosa langu. Lakini wewe ndiwe uliyekuwa umenishika, mwanangu. Anayeshika mkono wa mtu mzima ndiye anayetakiwa kuona, asingoje kuambiwa."

Akanishika kwa ule mkono wa kushoto, mzima. Tukangoja gari hivyo.

Hospitali walimlaza siku tatu, wakamrudishia dawa, presha ikashuka kidogo kidogo. Walisema haishushwi kwa pupa. Wakampima macho na figo, salama, alhamdulillahi. Kidonda kilichukua karibu miezi mitatu kufunga. Miezi mitatu, kwa kitu ambacho kwangu kingekwisha kwa wiki mbili! Niliomba ruhusa kazini, nikakaa Kibuyuni, na kila bamvua niliingia baharini kwenye kamba za Bibi badala yake. Wenzake walinicheka nilivyofunga, mafundo yangu yalikuwa ya hina, mazuri na yanafunguka. Kila asubuhi nilimpa kidonge kwa mkono wangu. Kila siku mbili nilifungua kitambaa, na nikaona kwa macho yangu jinsi ngozi ya mzee inavyojirudisha: inaanzia pembeni, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, inasonga ndani kidogo sana, inapumzika, inasonga tena. Nilikuwa na maswali mengi. Nilimuuliza muuguzi yote. Mengine alisema hata yeye hajui, na hilo nalo lilinifurahisha.

Bibi yupo. Anafunga mwani mpaka leo, na nyuma ya mkono wake kuna kovu jeupe lenye umbo lisilo la ua wala la kitu kingine chochote. Picha tisa nilizifuta. Chumba changu ninacho sasa, kidogo, Ukunda, kioo chake kinaanzia kiunoni tu. Wanawake wazee wanakuja, na wananiambia wenyewe kwamba hina yao haikolei. Ninawapaka, ninaiacha ikae muda mrefu zaidi, ninawafunika mikono kwa kitambaa kikavu, na ikitoka hafifu tunaisifu hivyohivyo. Chetezo nimekiweka mbali, cha kufukizia chumba. Na kabla sijawashika ninawauliza kama wamemeza dawa leo. Wengi wanacheka. Wawili, kwa hesabu yangu, walinyamaza, nikajua.

Sasa nisikilize, mwanangu, nikuambie la kushika.

Ukimwona mzee wako ana mabaka mikononi, usimtafutie mtu wa kumlaumu, wala usimtafutie dawa ya kuacha. Mpeleke aulizwe na aliyesomea, na vidonge vyake vyote mfukoni. Dawa ya presha haiachwi kwa neno la mjukuu, hata mjukuu awe mjanja wa mji. Akisema anajisikia vizuri, mshukuru Mungu, kisha mpeleke akapimwe vilevile. Ukimshika, mshike kwa kiganja chote, usimbane kwa vidole. Ukimwogesha, maji yajaribu wewe kwanza, kwa kiwiko, na yawe ya vuguvugu. Chupa ya maji moto, makaa, mvuke, hata jua kali la adhuhuri, usimwachie yeye aseme basi, kwa maana mwili wake unasema kwa kuchelewa, na pengine kwa kukupenda hatasema kabisa. Kidonda chake, hata kidogo, kiangalie kila siku. Wiki mbili zikipita hakijaanza kufunga, usingoje ya tatu.

Na udadisi wako usiuache. Bonyeza kucha, hesabu, shangaa, mimi ninashangaa mpaka leo kwamba mtu hubeba mito midogo isiyohesabika chini ya ngozi na hasikii ikipita. Lakini ukishashangaa, uliza. Muulize mwenye mkono kwanza. Na ukikosa, sema mapema, palepale kwenye sinia, usimwachie mzee akudanganyie kwamba ni chai.

Mola akuwekee wazee wako karibu na akuweke wewe karibu nao. Aipe mikono yako upole kabla hajaipa ustadi. Na siku ngozi yako nayo itakapokuwa nyembamba, akujalie mtu atakayekugusa polepole, akuulize, na angoje mpaka umjibu. Amin.